Binti Yairo na Chakula Chake

Neno la mwezi huu: Marko 5, 21 hata 43

Twawaomba msome kwanza habari hii katika Injili kabla ya kuendelea na maneno yetu, maana sisi hatutaieleza yote. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 tutampita njiani, ingawa Bwana wetu alisimama kwa ajili yake. Leo twataka kufika upesi nyumbani kwa Yairo, tuingie katika chumba kile alimolala mtoto, tusimame karibu na mlango.

Mambo haya yalitukia kando ya ziwa. Ziwa la Galilaya ni dogo; eneo lake halifikii hata lile la Ghuba yetu ya Mwanza. Walakini mambo ya pwani yake mwayajua bila kufundishwa: mashua, nyavu, watu wengi wanaongoja chombo kifike, na baba mmoja mwenye cheo aliyekisahau cheo chake, akaanguka mchangani kwa sababu ya mtoto wake. Huyo mtoto alikuwa binti wa miaka 12. Bwana alimshika mkono akamwita, naye akaondoka akatembea, na wazazi wake wakashangaa mno. Hapo, wangali wakishangaa, Bwana aliagiza jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita, na sisi tumelipita miaka mingi: aliagiza mtoto apatiwe kitu ale.

Wengine hueleza ya kuwa alitaka watu wajue kwamba binti si mzimu, kama vile Yeye mwenyewe alivyokula samaki mbele ya wanafunzi baada ya kufufuka. Maelezo hayo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini sisi twaona pia jambo lililo rahisi zaidi. Mtoto alikuwa ameugua, hakula siku nyingi. Wazazi, kwa hofu kwanza na kwa furaha baadaye, walisahau tumbo lake. Bwana hakulisahau. Aliyemrudishia roho ndiye aliyeuliza habari za chakula.

Twawaandikia haya kwa sababu ya binti mwingine, wa kwetu. Jina lake hatutalitaja, wala usharika wake, na mambo mengine tumeyabadili ili asijulikane. Mama yake ruhusa ametupa. Alisema, “Mchungaji, andika, ili mama mwingine asikae gizani kama nilivyokaa mimi.”

Alikuwa na miaka 16. Alikuwa amekwisha kupata Kipaimara, mwimbaji wa kwaya, mwenye akili shuleni. Baba yake mvuvi, huko visiwani, na kurudi kwake nyumbani kulikuwa kwa nadra na kwa ugomvi. Mama yake aliuza dagaa. Kwaresma ilipofika, kikundi cha maombi kilitangaza siku 40 za kufunga, na binti akaandikisha jina lake. Akasema atafunga kwa ajili ya baba yake, apate kurudi. Wengine walifunga hata jioni wakala. Yeye alianza hivyo, kisha akaacha chakula cha jioni pia, akabaki na uji kidogo au chai. Nasi tuliposikia habari zake tulifurahi. Jumapili moja tulimtaja madhabahuni, tukawaambia watu wazima waone aibu mbele ya mtoto huyu anayejua kuutiisha mwili. Watu wakaitika Amina.

Pasaka ikafika. Wengine wakafungua. Yeye hakufungua.

Baada ya majuma machache mama yake alikuja kwetu usiku, bado amejifunga khanga yake ya mwaloni yenye harufu ya samaki. Akatuamkia, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mchungaji, mtoto hali.” Tukamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hajui, asema ameshiba, asema amekula shuleni, na shuleni asema amekula nyumbani. Hapo ndipo tulipojibu neno ambalo hata leo likitujia usiku hatupati usingizi. Tulisema, “Mama, mwache. Anamtafuta Mungu.”

Ndugu zetu, mama huyu alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake, nasi tukamwambia asiyaamini macho yake. Akaondoka akaenda nyumbani na mzigo wake.

Yaliyofuata mwaweza kuyadhani, maana hapa kwetu kukonda kuna historia yake. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walijulikana ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, na watu wa Buganda na wa Bukoba waliuita ugonjwa ule Silimu, yaani ugonjwa wa kukonda. Tangu hapo mtu wa ziwa akipungua mwili, jirani hahitaji kuuliza. Amekwisha kumhukumu moyoni. Basi binti akapimwa UKIMWI, hana. Akapimwa kifua kikuu, hana. Katika zahanati moja alipewa dawa ya minyoo. Kikundi cha maombi kikamwombea atokwe na pepo, naye akafunga tena siku saba ili pepo atoke. Shangazi mmoja akanong'ona juu ya wachawi, kwamba wenzake mama katika biashara ya dagaa walimwonea kijicho. Mama akazidi kupika. Alipika sato, alipika wali wa nazi ambao kwa kawaida hupikwa siku ya Krismasi. Binti akawapakulia wadogo zake, akawasimamia wale, akawahimiza wamalize, na yeye mwenyewe akatazama.

Tena, sisi hula katika sahani moja. Desturi hii ni njema, ni ya undugu, lakini ina maficho ndani yake. Mtoto anyosha mkono pamoja na wenzake, akata tonge, aliviringa, alichovya, aliviringa tena, na tonge moja lamtosha hata sahani imekwisha. Nani ahesabu matonge ya mwenziwe? Mama huyu alikuja kuhesabu baadaye sana. Alihesabu manne.

Hata siku moja, katika mazoezi ya kwaya, binti akaanguka. Walipombeba walishtuka, maana alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka minane, na mikono yake ilikuwa ya baridi ingawa jua lilikuwa kali. Akapelekwa hospitali kubwa. Huko daktari mmoja mwanamke, badala ya kuanza na damu na mkojo, alivuta kiti akaketi, akamwuliza, “Mwanangu, ukikitazama chakula, moyo wako wakuambia nini?” Binti akalia. Akajibu, “Nikila, naona nimeasi.”

Daktari akatueleza jina la ugonjwa: anoreksia nevosa. Nasi tumesoma na kuuliza tangu siku ile, ili tusiwafundishe ninyi kwa kubahatisha.

Jina lenyewe lapotosha kidogo, maana neno la Kiyunani lasema mtu hana hamu ya chakula. Sivyo ilivyo kwa wengi wao. Njaa wanayo, nayo ni kali. Lakini kitu ndani ya nia kimepata nguvu kuliko njaa. Mgonjwa huogopa kuongezeka mwili kama mwingine aogopavyo mamba, au huona ya kuwa kula ni uchafu na kutokula ni usafi. Akijitazama haoni mifupa ambayo sisi sote twaiona. Huu si ukaidi, wala si madaha ya vijana. Ni ugonjwa wa nafsi unaoula mwili, na katika magonjwa yote ya akili ni mmoja wa yale yauayo watu wengi zaidi.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1689 tabibu Mwingereza, Richard Morton, ambaye kabla ya kuwa tabibu alikuwa mhubiri wa Injili, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya kukonda, hasa kifua kikuu. Ndani yake aliandika habari za wagonjwa wawili waliokonda bila homa wala kikohozi. Mmoja alikuwa binti wa miaka 18, naye alikufa. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 16, na twaomba wachungaji wenzetu wasikie hapa: alikuwa mwana wa mchungaji. Morton alimwambia aache masomo, aende shambani, anywe maziwa kwa wingi. Akapata nafuu kubwa. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1873, Ernest-Charles Lasègue wa Paris na William Gull wa London waliueleza ugonjwa huu kila mtu kwa upande wake, na jina tulitumialo latoka kwa Gull. Mwaona basi ya kuwa waganga wa Ulaya nao walianza kama sisi, kwa kuuchanganya na kifua kikuu.

Mzee mmoja wa usharika alituambia, “Mchungaji, huo ni ugonjwa wa Wazungu, wa watu walioshiba. Sisi shida yetu ni kupata, si kukataa.” Twamheshimu mzee huyu, na maneno yake yana kweli ndani yake, maana katika nchi yetu ugonjwa huu haukutwi mara nyingi. Lakini upo. Mwaka 2007 wachunguzi walichapisha habari za wasichana na wanawake 214 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 13 hata 30. Wengi wao walikuwa salama; wachache walikutwa na maradhi ya namna hii ya kula na kutokula, na wale waliotazama zaidi picha na michezo ya kigeni ndio waliosumbuka zaidi. Wako vijana wetu wanaojilinganisha na wasichana wa kwenye simu, walioumbwa upya na mashine ya picha, na kuona kwamba mwili waliopewa na Mungu ni kosa. Tena si wasichana peke yao. Wavulana nao huupata, ila hatuwadhanii.

Lakini habari iliyotuchoma sisi ni ya Ghana. Mwaka 2004 madaktari walitangaza walivyowapima wasichana 668 wa shule za sekondari kule. Walipowatenga wale waliokonda kupita kiasi, na kuondoa wenye magonjwa mengine, walibaki wasichana 10 ambao sababu ya kukonda kwao ilikuwa moja tu, kwamba wanajinyima chakula. Hawa 10 hawakusema habari za unene wala za uzuri. Walisema habari za dini. Walifunga, na kufunga kwao kuliwapendeza, na kuishinda njaa kulikuwa kwao ushindi wa kiroho. Tuliposoma hayo tulimwona binti wetu, na nyuma yake tukajiona sisi wenyewe madhabahuni, tukimsifu.

Katika Kanisa la zamani pia yalikuwako. Katerina wa Siena, mwanamke mcha Mungu wa Italia, alijinyima chakula tangu ujana wake hata mwili ukakataa kabisa kukipokea. Viongozi wake wa kiroho walimwagiza ale, naye hakuweza tena. Alikufa mwaka 1380, umri wake miaka 33. Baba yetu Luther mwenyewe, alipoingia nyumba ya watawa ya Erfurt mwaka 1505, alifunga na kukesha na kujitia baridini kupita kiasi, na uzeeni alisimulia jinsi alivyouharibu mwili wake kwa kutafuta amani asiyoipata kwa njia ile. Amani aliipata katika Neno. Na katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mtoto wa Kipaimara wa kwetu huikariri, alihesabu chakula na kinywaji miongoni mwa zawadi ambazo Baba atupa kwa wema wake, pasipo sisi kustahili. Kufunga hakukutupa, alikuita zoezi jema la nje. Lakini ustahili wa kuja mezani pa Bwana aliuweka katika kuamini maneno ya ahadi, hakuuweka katika tumbo tupu.

Basi mtu asiseme ya kuwa mchungaji fulani amepiga marufuku kufunga. Bwana wetu alifunga, na mitume walifunga. Twasema hili: kufunga kwa Kikristo kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mwenye kufunga aweza kufungua. Yule ambaye siku ya kufungua imefika naye hawezi, ambaye akila aona aibu na akijificha aona amani, huyo hafungi tena, amefungwa. Someni Isaya 58, mwone kufunga ambako Mungu amekuchagua: huko mwenye njaa hupewa mkate. Someni na Wakolosai 2, mahali ambapo Mtume anawaonya wale wanaokataza kugusa na kuonja, wakiutesa mwili, na jambo hilo likaonekana kama hekima.

Hapa yafaa tueleze neno moja alilotufundisha daktari, maana lilitufumbua macho. Njaa yenyewe huigeuza akili. Mwishoni mwa vita kuu ya pili, huko Minnesota katika Marekani, vijana 36 waume, wazima wa afya, wengi wao Wakristo waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula ili madaktari wapate kujua namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokufa njaa. Kwa miezi sita ya mwaka 1945 walipewa chakula kama nusu ya kawaida yao, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hao watu wazima, wasiokuwa na ugonjwa wo wote wa nafsi, walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukata mkate vipande vidogo vidogo na kuula kwa saa nzima, kukasirika bure, kukimbia rafiki. Basi mtoto aliyejinyima miezi mingi akiwa mkali, akiwa mpweke, akipenda kuwapikia wengine bila kuonja, msimwambie “Una roho mbaya.” Njaa ndiyo inayosema kinywani mwake. Kumhubiria peke yake hakutoshi, kwa maana masikio ya kusikia nayo yanahitaji chakula.

Mwenyezi Mungu alilijua hili. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumkemea wala hakumwuliza maswali. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale, akarudi akampa tena mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, Horebu, Eliya alipokuwa amekwisha kula mara mbili.

Wazazi mtatuuliza, twaangalie nini? Mtoto anayetafuta sababu ya kutokuwapo wakati wa chakula kila siku. Anayevaa nguo nyingi na sweta hata kwenye joto la Mwanza, kwa kuwa aona baridi na kwa kuwa ataka kuuficha mwili. Ambaye nywele zake zanyonyoka na malaika laini yaota mikononi na mgongoni. Asikiaye kizunguzungu akisimama. Na binti ambaye siku zake za mwezi zimekatika. Hili la mwisho mama ndiye atakayelijua, nasi wachungaji tusilionee haya, maana Bwana hakumwonea haya yule mwanamke aliyemgusa vazi njiani. Wengine hula mbele ya watu, kisha huenda chooni kujitapisha. Wengine hukimbia na kuruka hata usiku, wasipumzike.

Na mkiona hayo, msingoje aanguke kama tulivyongoja sisi. Mpelekeni hospitali, na mseme wazi habari ya chakula, maana mgonjwa mwenyewe ataificha. Hapa Mwanza Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, inao madaktari wa magonjwa ya akili. Sharika za mbali zaweza kuanzia hospitali ya wilaya na kuomba barua ya kupelekwa. Neno “akili” lisiwatishe. Tena iko hatari moja ambayo watu wa huruma huiangukia. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula kingi kwa mara moja, chumvi za damu yake hubadilika ghafula na moyo waweza kusimama. Baada ya vita ile tuliyoitaja, wafungwa wengi waliookolewa walikufa kwa njia hii mikononi mwa waliowapenda. Kwa hiyo mwanzo wa kulisha ni kazi ya hospitali, kidogo kidogo, damu ikipimwa. Mwakumbuka yule kijana Mmisri aliyeokotwa nyikani na watu wa Daudi, hakula siku tatu: walimpa mkate, na maji, na kipande cha andazi la tini, na vishada viwili vya zabibu kavu, roho yake ikamrudia.

Binti wetu alikaa hospitalini majuma matano. Siku ya tatu tulikwenda kumtazama. Alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukutani, na kikombe cha maziwa kilikuwa juu ya kijimeza, kimejaa. Tulikuwa na Biblia mkononi, na mahubiri tayari moyoni juu ya subira ya Ayubu. Mama yake alikuwa ameketi mkekani. Alitutazama tu, asiseme neno, nasi tukaona ya kuwa mahubiri yale hayafai. Tukapiga magoti karibu na kitanda, tukamwambia binti, “Mwanangu, tulikosa. Tulikusifu kwa jambo lililokuwa likikuua. Mama yako alikuja kwetu akaomba msaada, nasi tulimrudisha mikono mitupu. Utusamehe.” Hakugeuka. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo baba hatarudi?” Hapo tukatambua alichokuwa amekibeba. Mtoto huyu aliamini ya kuwa kila tonge alilolimeza lilimsukuma baba yake mbali zaidi na nyumbani.

Tulimsomea habari ya Yairo. Tukamwonyesha ya kuwa baba ndiye aliyeanguka miguuni pa Yesu kwa ajili ya binti. Hakuna popote katika habari ile ambapo binti alitakiwa kumnunua baba. Yeye alikuwa amelala tu. Hakufanya kitu, hakutoa kitu, hakufunga, hakustahili, akashikwa mkono akaamshwa, na amri ya kwanza iliyotolewa kwa ajili yake ilikuwa ya chakula. Tukamwambia kwamba kula kwake maziwa yale hakukuwa uasi; kulikuwa utii kwa Bwana aliyeagiza. Ndugu, hatutaki kuwadanganya. Hakuyanywa. Alikunywa kidogo kesho yake, kwa mkono wa muuguzi, akilia.

Daktari alifundisha ya kuwa kwa mtoto wa umri huu dawa iliyo kubwa ni wazazi wenyewe kuishika kazi ya kulisha, kwa upole na bila kushindwa, mpaka akili ipate nguvu ya kujiongoza. Basi alipotoka hospitali, mama aliacha biashara ya asubuhi, na bibi yake akaja kutoka Ukerewe. Kila chakula, mara tano kwa siku, walipakua sahani yake peke yake na kuketi naye mpaka imekwisha, hata kama ni saa nzima. Hawakumgombeza, hawakumbembeleza kwa zawadi. Bibi alisimulia hadithi za sungura huku akingoja. Siku nyingine sahani ilitupwa ukutani. Bibi alipakua nyingine. Usharika tuliwatafutia wasichana wawili wa kumuuzia mama dagaa zake, na wazee walichanga nauli ya kwenda kliniki kila juma. Baba naye aliitwa. Alikuja mara moja, akalia sana, akarudi visiwani. Hatuwezi kuandika zaidi juu yake.

Mwatuuliza, amepona? Uzito wake umerudi kwa sehemu kubwa, na siku zake zimerudi. Januari alirudi shule, na dada ya mama yake aishiye karibu na shule hula naye mchana. Ziko siku ambazo bado aitazama sahani kama adui. Daktari asema kupona huchukua miaka, na wengi hupona. Kwayani ameanza tena kuimba, lakini kwa kukaa kitini.

Baraza la wazee wa usharika wetu lilikutana, likakubaliana maneno machache ambayo twayapeleka kwenu, sharika nyingine, mpate kuyafikiri kabla ya Kwaresma ijayo. Orodha ya majina ya wanaofunga haitaandikwa tena, wala mtu hatasifiwa madhabahuni kwa kufunga. Vijana wasiotimiza miaka 18 hawatafunga chakula katika vikundi vya maombi. Wakitaka zoezi la Kwaresma watapewa kazi ya kuwapelekea wagonjwa na wazee chakula, nao watakula pamoja nao. Mwenye kufunga zaidi ya siku moja atakuja kwanza kuonana na mchungaji, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Na mama ye yote akija usiku kusema ya kuwa mtoto wake hali, mchungaji atavaa viatu vyake na kwenda naye. Sharika zilizokwisha kupanga mambo kama haya, au zilizoona shida katika kuyapanga, twawaomba mtuandikie, ili barua zenu zitiwe katika gazeti la mwezi ujao.